Kadi Mbili za Melini na Dola za Baba

Alhamisi, Shinyanga mjini. Mawingu yamejaa tangu asubuhi na tone moja halijadondoka. Joto la leo ni lile la kuvua viatu mlangoni na kubaki pekupeku hadi jioni. Nimefunga ofisi saa nane mchana, nimekaa uani na chai ya rangi, na moyo wangu umetulia. Umetulia kuliko mwezi uliopita, na sababu yake ndiyo naiandika.

Tangu niweke picha za safari, swali mnaloniuliza ni lile lile. Siyo bahari ilikuwaje, wala chakula kilikuwaje. Mnauliza: "Mama Shamsa, humo melini mtu analipaje?" Nyie ni wafanyabiashara kama mimi, nawaelewa. Nitajibu. Ila jibu langu lina Baba ndani yake, na siwezi kumtoa.

Baba yangu ana miaka sabini na mitatu. Alikuwa karani wa mizigo pale Isaka, kwenye bandari kavu, miaka thelathini na mmoja. Kontena zilifika kwa treni kutoka Dar, yeye anakagua namba, anakagua lakiri za milangoni, anagonga muhuri, zinapakiwa kwenye malori ya kwenda Rwanda na Burundi. Kwenye kila karatasi kulikuwa na jina la meli iliyoleta mzigo. Baba aliyajua majina ya meli kuliko majina ya wajomba zangu. Lakini meli yenyewe hakuwahi kuiona. Dar alifika mara mbili, zote kwa msiba, akarudi bila kukanyaga bandarini.

Mimi ni binti yake wa kwanza. Nilisomea ualimu, nikafundisha Kahama miaka miwili, kisha nikaacha chaki nikaenda Masumbwe machimboni. Nilianza kwa kuuza wali na maharage kwa wachimbaji. Nikaja kuuza makarai, kamba na buti. Leo nina leseni ya kununua dhahabu, nina ofisi mbili na mashine ya kusaga mawe. Sijasaidiwa na mwanaume yeyote, na hilo nalisema bila aibu.

Baba hakupenda niende machimboni. Siku naondoka Kahama alinitamkia: "Pesa ya machimboni usiniletee hapa nyumbani." Nami nilikuwa na miaka ishirini na sita na kiburi cha kutosha watu watatu. Nikamjibu kwamba sitamletea.

Hatukugombana tena baada ya hapo. Tulisalimiana, tulizikana, tulikula Idi pamoja. Lakini kila nilipompa kitu alikirudisha kwa adabu. Simu mpya aliirudisha. Godoro alilirudisha, nalo lilikuwa limeshavuka mlango. "Wabeja," alikuwa akisema, asante kwa Kisukuma, lugha ya marehemu mama, "lakini ninalo."

Basi nikajifunza kupitia mlango wa nyuma. Mdogo wangu Iddi anaishi naye. Nilimpa Iddi pesa za mabati, akasema ni zake. Nyumba ikaezekwa upya. Baba akalala chini ya bati langu miaka sita, nami nikajiona mjanja.

Safari hii ndiyo kitu cha kwanza alichokubali. Niliona tangazo la meli ya kitalii inayotoka Durban, siku nne, inapanda hadi kisiwa kimoja cha Msumbiji na kurudi. Pasipoti yetu haihitaji viza Afrika Kusini wala Msumbiji. Nikampigia, nikamtajia neno meli, nikasubiri kukataliwa. Akauliza uzito wa meli. Sikuujua.

"Mimi na Iddi tumekukatia tiketi," nikamwambia. Iddi alikuwa ametoa elfu hamsini.

"Tiketi nitapokea," akasema. "Huko ndani nitajitegemea."

Nikasema sawa. Nilikuwa nadanganya.

Sasa lile jibu lenu. Melini hakuna kulipa kwa noti. Ukishapanda unapewa kadi moja ya plastiki. Hiyo ndiyo ufunguo wa chumba, kitambulisho cha kushukia, na pochi yako. Ukinunua soda, kofia au picha, unaonyesha kadi, kinaandikwa kwenye akaunti ya chumba chako, na unalipa yote siku ya mwisho. Chakula cha ukumbi mkubwa kimo kwenye tiketi, na maji, na chai ya kujichotea. Kahawa ya mashine, juisi, soda, intaneti na matembezi ya nchi kavu, hivyo unalipia.

Ile kadi lazima uiunganishe na pesa ndani ya siku ya kwanza. Unaweza kutumia kadi ya benki, au kuweka fedha taslimu mapokezi. Pesa ya simu hawaijui kabisa. Nilijaribu hata ile kadi ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye simu, mashine ikaniambia inataka kadi ya kushikika.

Nikachomeka kadi yangu ya benki. Mashine ikaniuliza kama nataka kuunganisha na mgeni mwingine. Tulikuwa na vyumba viwili vilivyopakana, mimi na Baba. Nikabonyeza ndiyo. Kadi zote mbili zikawa juu yangu.

Sikumwambia. Nikajiambia nitamwambia baadaye, akishafurahi.

Na alifurahi, jamani. Mtu mzima aliyevaa koti la suti kwenye joto lile, alisimama kwenye ukingo pale Durban kabla hatujaondoka, akitazama kreni zikinyanyua kontena ng'ambo ya pili. Alinionyesha kwa kidole. Alinieleza jinsi zinavyopangwa, nzito chini, nyepesi juu, ya kushushwa kwanza isifunikwe. Alizungumza nusu saa nzima. Tangu niwe mtu mzima Baba hakuwahi kunieleza kitu kwa nusu saa.

Alinunua kahawa mbili, yake na yangu. Akatoa dola kumi kutoka mfuko wa ndani. Mhudumu akatabasamu, akakataa noti, akaomba kadi. Baba akampa kadi, akachukua risiti, akaikunja.

Mngekuwa mnamjua Baba mngejua kwamba karatasi haimpiti. Mchana ule ule aliifuata mashine kwenye korido, akachomeka kadi yake kuangalia ameandikiwa nini. Pale juu, kwenye nafasi ya mlipaji, akakuta jina langu.

Hakugomba. Alirudi, akaketi, akasema tu, "Zuhura, nilikuambia nitajitegemea." Na kuanzia hapo akanywa maji.

Siku ya pili nzima, baharini tupu, maji tu. Nilimnunulia juisi ya embe, ikayeyuka barafu mezani. Nilimnunulia kofia, akaiacha kwenye kiti. Wageni wengine walikuwa wanacheza muziki karibu na bwawa, na mimi nimekaa na mzee wangu aliyenyooka kama yuko kituo cha polisi. Niliona aibu, na aibu yangu huwa inageuka hasira haraka sana.

Nikafanya ujinga. Nikaanza kununua. Nilinunua picha kubwa tuliyopigwa wakati wa kupanda. Nililipia matembezi ya kisiwani, watu wawili. Nilinunua intaneti, nikanunua manukato nisiyoyahitaji. Nilikuwa nataka aone kwamba pesa ya machimboni inafanya kazi hata katikati ya bahari.

Saa kumi alasiri, kwenye duka la vito, kadi ikakataa.

Msichana wa dukani akajaribu tena. Ikakataa tena. Akaniambia kwa upole niende mapokezi. Nilipogeuka, Baba alikuwa nyuma yangu.

Hili nalo muandike kwenye daftari zenu. Kadi yangu ni ya kutoa pesa moja kwa moja kwenye akaunti, siyo ya mkopo. Kwa kadi ya namna hiyo meli haingoji siku ya mwisho. Kila siku inaiambia benki itenge kiasi fulani, hata kama hujakitumia, kisha ziada inaachiwa baada ya siku kadhaa. Wanatenga kwa kila mgeni, na mimi nilikuwa wawili. Pesa ilikuwepo. Lakini kiwango changu cha kutumia nje ya nchi kilikuwa kidogo, sikwenda kuomba kiongezwe kabla ya safari, na siku hiyo ilikuwa Jumapili. Nani angepokea simu benki?

Pale mapokezi tulimkuta dada wa Kikenya, Mwende, ametokea Machakos. Kusikia Kiswahili kulinipa nguvu, kisha kukaniongezea aibu, maana sasa Baba alielewa kila neno.

"Mama, bank yako imesema hapana," Mwende akaniambia. "Si shida kubwa. Una kadi ingine?"

Sikuwa nayo. Niliiacha Shinyanga makusudi, kwa kujiamini.

Baba akaingiza mkono kwenye koti, akatoa bahasha ya kaki, akaiweka kaunta. "Toa humo," akasema.

Zilikuwa dola zake. Alizinunua kidogo kidogo kutoka kwenye kiinua mgongo chake, miaka mingi iliyopita. Nyingine zilikuwa zile za zamani zenye picha ya kichwa kidogo, ambazo maduka ya kubadilisha fedha huku kwetu yanazisukuma nyuma bila kuzigusa.

"Hapana, Baba," nikasema. "Rudisha."

"Kwa nini?"

"Sitaki pesa yako."

Nilijisikia nikilisema. Lile lile neno lake, kwa sauti ile ile. Ningeweza kuishia hapo. Sikuishia.

"Miaka ishirini unarudisha vyangu kama vina ukoma! Simu, godoro, kila kitu! Hata juisi! Na bati unalolalia ni langu, Baba. Siyo la Iddi. Ni langu."

Mwende akageukia kompyuta yake. Baba akachukua bahasha, akairudisha kwenye koti, akafunga kifungo, akaondoka.

Nilikaa chumbani kwangu hadi jua likazama, natazama ukuta. Nilijua nimemvua nguo mzee mbele za watu. Ndicho kitu nilichoogopa kukiandika wiki zote hizi.

Asubuhi, kabla ya kifungua kinywa, akagonga mlango. Alikuwa ameshavaa koti. Nikamsabahi, "Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa kitandani, yeye kwenye kiti cha pekee.

"La bati nilijua," akasema.

"Ulijuaje?" nikamuuliza.

"Lilipoletwa, dereva alinipa mimi hati ya kupokelea nisaini. Iddi alikuwa shambani. Jina la mnunuzi lilikuwa lako. Halafu ni bati geji ishirini na nane, nene. Iddi angenunua lile jembamba."

"Ulijua miaka yote sita?"

"Nilijua siku ile ile."

"Na ukalala chini yake."

"Ningefanyaje, nilibandue?" Akacheka kidogo, kicheko kifupi cha puani. Kisha akawa mzito. "Zuhura, mimi nilikosea kauli. Nilikuwa na hofu. Pale Isaka nilikuwa naona malori yanavyoshusha vijana waliofukiwa na mashimo, wanapelekwa kwao kuzikwa. Nilidhani nikikunyima baraka utarudi. Hukurudi. Ukafanikiwa, nikakosa pa kuanzia."



"Lakini wewe nawe," akaendelea, "vitu vyako umekuwa unavipitisha kama magendo. Simu umemtuma dereva. Godoro umemtuma dereva. Bati umemtuma Iddi. Hata kadi ya hapa umeichomeka kimyakimya. Hujawahi kuja mwenyewe, ukasimama mbele yangu, ukasema, Baba, hiki nimekununulia mimi."

Nilitaka kubisha. Nikatafuta siku moja, moja tu, niliyokwenda mwenyewe.

Sikuipata.

Nililia, ndiyo. Mnunuzi wa dhahabu wa Masumbwe, ninayebishana na madalali sita kwa mpigo, nililia kwenye shuka nyeupe za watu. Baba akanisubiri. Hakunigusa, siyo mtu wa hivyo, lakini alisubiri mpaka nikamaliza.

Halafu akasema, "Twende kwa yule Mkenya."

Mwende alituona akasimama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nielezee utaratibu wenu tangu mwanzo. Taratibu."

Akamweleza. "Hapa pesa taslimu haitumiki kwa baa wala kwa duka. Unaiweka kwangu, mimi naiingiza kwa kadi yako. Unatumia hadi iishe. Siku ya kushuka, ikibaki, nakurudishia mkononi na risiti."

"Na kadi yangu naweza kuitoa kwa huyu?"

"Naitoa saa hii. Kila mtu anakuwa na akaunti yake."

"Toa." Akafungua bahasha. Nilikuwa na wasiwasi na zile za vichwa vidogo. Mwende akazipitisha moja moja kwenye kimashine cha kukagua, taa ya kijani, taa ya kijani. Zote zikapita. Baba akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Dola ambazo Shinyanga ziligeuka karatasi, melini zilikuwa dola.

"Sasa," akasema, "na ya huyu iweke kwangu. Mpaka benki yake ipone."

Mwende akanitazama mimi. Inabidi mwenyewe ukubali na kusaini.

Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Nimelipia watu tangu nina miaka ishirini na saba. Nalipa karo, nalipa hospitali, nalipa misiba. Mara ya mwisho mtu kunilipia, ilikuwa Baba na sare za sekondari. Kalamu ilikuwa nzito kweli.

Nikasaini.

Siku mbili zilizobaki nililelewa. Nikitaka soda naonyesha kadi, inakwenda kwa Baba. Aliniuliza kama nataka aiskrimu. Mimi, mama wa watoto watatu! Nikasema nataka. Kule kisiwani tulikunja suruali na dera, tukaingia majini hadi magotini, na meli imesimama mbali, nyeupe, ndefu. Akaniuliza jinsi ninavyojua dhahabu safi na iliyochanganywa. Nikamweleza kuhusu mizani, maji na moto. Akauliza nani anakagua mizani yangu, na kama cheti chake kinaonyeshwa wateja. Swali la karani. Swali zuri.

Asubuhi ya kushuka, mchanganuo wa matumizi uliwekwa mlangoni. Watu wengine waliukunja bila kuusoma. Baba alivaa miwani akaketi na kalamu. Mstari hadi mstari. Akakuta chupa mbili za soda za siku ya pili, siku ile aliyokunywa maji tu. Tukaenda mapokezi. Nikasema, "Baba, ni dola chache, tuache."

"Mzigo haujapokelewa, hausainiwi," akanijibu.

Wakaangalia, wakaomba radhi, wakaziondoa. Zilikuwa za mgeni wa chumba kingine kabisa. Kisha Mwende akamhesabia noti zake zilizobaki, mpya zote, na risiti. Baba akamshukuru, kisha akanielekeza kwa kidevu. "Huyu ni binti yangu wa kwanza. Ananunua dhahabu Masumbwe, kwa leseni."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja jina la kituo cha treni. Foleni nzima nyuma yetu haikuelewa Kiswahili. Mimi nilielewa.

Basi jibu langu kwenu ni hili. Kabla ya safari nenda benki, wakufungulie matumizi ya nje na waongeze kiwango. Beba kadi mbili. Beba na taslimu ya kuweka mapokezi, ndiyo njia isiyokupa mshangao. Mkienda wawili, kila mtu awe na akaunti yake, au muulizane kwanza. Muulizane kwa mdomo.

Kuhusu mimi, najifahamu. Naweza kumwambia mchimbaji mwenye jembe mkononi kwamba mawe yake hayana kitu, na nisipepese. Kumwambia Baba "nimekununulia" ndiko kulikonishinda miaka ishirini. Leo nimeamua hakutanishinda.

Nyumbani Isaka maji yanatoka siku mbili kwa wiki, na Iddi anachota kwa ndoo. Leo asubuhi nimelipia tenki kwa jina langu. Jumamosi nalipeleka mwenyewe, mchana kweupe, nimekaa mbele kwenye gari.

Na kabla sijafungua kompyuta hii, nilimpigia. Moyo ulikuwa unadunda kama siku ya kufungua ofisi yangu ya kwanza.

"Baba, Jumamosi nakuja. Nakuletea tenki la maji. Nimelinunua mimi."

Nikasikia redio yake nyuma, taarifa ya habari.

"Lita ngapi?"

"Elfu mbili."

Redio ikapunguzwa sauti.

"Leta la elfu tatu," akasema. "Na uje mapema, tule pamoja."